Kabla hujanunua RAM kwa bei ya sasa, angalia kwanza uliyonayo inaliwa na nani

Bisibisi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye steshenari huku kwetu Mbagala aliniletea kompyuta yake ya mezani. Akaniambia, "Baba, hii mashine imechoka, wateja wananikimbia. Niwekee RAM nyingine." Hela alikuja nayo kwenye bahasha ya kaki, zile zile anazouza dukani kwake. Mashine ina RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zinafanyia kazi) ya GB 4, ya kizazi cha DDR4, diski ya kuzunguka, Windows 10.

Nikapiga simu Kariakoo kwa mtu ninayenunua kwake kila siku. Bei aliyonitajia ya kijiti cha GB 8 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile niliyonunulia mwanzoni mwa mwaka 2025. Nikamwomba mama anipe nusu saa kabla hatujaifungua ile bahasha.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, lile dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inakula kiasi gani. Kumbukumbu imejaa asilimia 93, na hapo hakuna hata kazi moja ya mteja iliyofunguliwa. Nikagusa kichwa cha safu ya kumbukumbu ili walaji wakubwa wapande juu, tukaanza kuwasoma mmoja mmoja mimi na yeye. Kivinjari kilikuwa na vichupo 31: barua pepe za wateja waliokuja kutoa kopi tangu juzi, fomu za maombi ya kazi, WhatsApp ya kwenye kivinjari, hakuna kilichofungwa. Programu mbili za kuzuia virusi, kila moja inamchunguza mwenzake. Programu za printa tatu, na printa mbili kati ya hizo alishaziuza kama chuma chakavu. Programu ya kupakua muziki ambayo hajui iliingia lini, na inajiwasha yenyewe kila asubuhi.

Tukafunga, tukaondoa, tukazuia zisijiwashe. Tukabakiza kinga moja ya virusi na printa moja. Nikaizima na kuiwasha upya: asilimia 57. Kufungua waraka wa Word wa kurasa kumi, kwa saa ya simu, kulikuwa kunachukua dakika moja na sekunde 40. Sasa ni sekunde 14. Mama akarudi na bahasha yake, akapitia dukani kuongeza rimu za karatasi.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu kwenye ufundi wetu "ongeza RAM" limekuwa jibu la kwanza hata kabla mashine haijawashwa. Zamani halikumuumiza mteja sana. Kwa bei hizi za sasa linamuumiza, na mtu anaweza kulipa hela ya ada ya mtoto kwa tatizo ambalo halikuwa RAM.

Kwa nini imepanda hivi

Nimeona watu wanalaumu bandari, wengine wanawalaumu wafanyabiashara wa Kariakoo. Chanzo kiko mbali zaidi.

RAM ya kompyuta zetu karibu yote duniani inatengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Tatu tu. Viwanda vyao vinatumia sahani za silikoni, zile duara ambazo chipu hukatwa humo, na kiwanda kipya huchukua miaka kujengwa. Kwa hiyo idadi ya sahani za mwaka huu ilishaamuliwa miaka kadhaa iliyopita. Kinachobaki ni kugawana.

Na sasa kuna mgawanyo mpya. Mashine za akili mnemba zinatumia kumbukumbu ya aina yake inayoitwa HBM, ambayo chipu zake zinapangwa ghorofa juu ya ghorofa na kukaa ubavuni mwa prosesa. Kwa ujazo ule ule, HBM inakula takribani mara tatu ya silikoni inayotumiwa na DDR5 ya kawaida, kizazi kinachofuata DDR4. Oktoba 2025 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilitia saini makubaliano ya awali na Samsung na SK Hynix yanayotaja hadi sahani 900,000 kwa mwezi. Desemba mwaka huo huo Micron ikatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya kuwauzia watu wa kawaida, baada ya miaka 29. Sahani inayokwenda kwenye kituo cha data ina faida kubwa kuliko inayokuja kwenye laptopu ya mwanafunzi, nao ni wafanyabiashara.

Sisi wa mashine za mtumba tumepigwa mara mbili. Watengenezaji hao walikuwa tayari wanaipunguza DDR4 ili wahamie DDR5, na ilipofika katikati ya mwaka 2025 DDR4 ilifikia kuwa ghali kuliko DDR5 kwenye soko la jumla. Laptopu nyingi zinazoshuka hapa kutoka Ulaya na Dubai ni za DDR4. Juu ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliachishwa huduma ya kawaida, watu wakahamia Windows 11, na ile GB 4 iliyokuwa inajikongoja ikaanza kuganda.

Soko hili limeyumba tangu zamani. Tarehe 4 Julai 1993 kiwanda cha Sumitomo Chemical pale Niihama, Japani, kililipuka. Hakikuwa kiwanda cha RAM. Kilitengeneza aina ya gundi ngumu inayofunikia chipu, na sehemu kubwa ya gundi hiyo duniani ilitoka hapo. Bei ya kumbukumbu ikaruka dunia nzima ndani ya siku chache.

Kumbukumbu iliposukwa kwa mkono

Hapa mnivumilie, sehemu hii naipenda sana.

Kompyuta iliyowashusha Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini tarehe 20 Julai 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kuandikia na kufuta ya maneno 2,048. Kila neno ni biti 16. Ni kilobaiti 4 jumla. Picha moja ya WhatsApp haiingii humo. Programu zenyewe zilikaa kwenye kumbukumbu nyingine ya kudumu, maneno 36,864, na hiyo ilisukwa. Namaanisha kusuka kweli kweli, kama mtu anavyosuka mkeka. Kwenye kiwanda cha Raytheon, mji wa Waltham huko Massachusetts, wanawake walikaa wakipitisha waya mwembamba kwenye vipete vya sumaku. Waya ukipita ndani ya kipete ni 1, ukipita nje ni 0. Ukikosea kipete kimoja, programu ina kosa, na huwezi kulirekebisha kwa kubonyeza kitufe. Unafumua.

Pale chombo kikishuka, kompyuta ikaanza kutoa onyo la 1202. Maana yake: nafasi za kuwekea kazi zimekwisha. Kila kazi iliyokuwa inasubiri kufanywa ilipewa kisanduku cha maneno 12, na visanduku vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu vidoleni. Rada iliyokuwa haihitajiki kwenye kutua ilikuwa inaiibia kompyuta muda, kazi zikawa hazimaliziki, mpya zikaja juu ya za zamani, visanduku vikajaa. Laptopu yako ingeganda hapo. Ile haikuganda. Hal Laning, mhandisi wa chuo cha MIT, alikuwa ameipanga ijue kazi ipi ni ya lazima na ipi inaweza kungoja, na timu ya programu ya MIT iliyoongozwa na Margaret Hamilton ilikuwa imejipanga kwa dharura ya aina hiyo. Kompyuta ikajiwasha upya ndani ya mfumo, ikazirudisha kazi za uhai pale zilipoishia, zile za ziada ikaziacha. Wakatua.

Nikimwona mtu mwenye GB 16 analalamika, namkumbuka yule aliyegawa kilobaiti 4 kwa hesabu ya namna hiyo. Uwezo wa kupanga anao hata yeye.

Karibuni tuchangie. Maswali ya kitaalamu nitayajibu kadiri ya ninavyojua.

---

Mkunazi

Mkuu Bisibisi, uzi mzuri, ila mimi naona unawakatisha watu tamaa. Muda ni mali. Mimi nahariri video za harusi, nilikaa na GB 8 mwaka mzima nikifunga hiki nifungue kile. Nilipoweka 32 kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja. Anayehitaji anunue tu, bei haitashuka kwa kuikasirikia.

Bisibisi

Mkuu Mkunazi, wewe ndiye hasa anayepaswa kununua, na nakubaliana nawe kabisa. Video za 4K hazibembelezwi. Kipimo ninachotumia ni hiki: fanya kazi yako ya kawaida ya siku nzima baada ya kusafisha kila kisichohitajika. Ikiwa bado inakaa juu ya asilimia 85 na taa ya diski haizimi, hapo RAM haitoshi, nunua. Ikiwa iko 60, tatizo liko kwingine.

Na taa ya diski izingatieni sana. RAM ikijaa, mfumo unahamishia baadhi ya vitu kwenye diski kwa muda. RAM inajibu ndani ya nanosekunde kama mia hivi. Diski ya kuzunguka inachukua kama milisekunde 10 mpaka kichwa chake kifike mahali. Hiyo ni mara laki moja. Ndiyo maana mashine haipungui kasi kidogo kidogo, inaanguka ghafla kama mtu aliyekanyaga shimo. Ukiwa na SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, pengo linakuwa kama mara elfu moja, bado kubwa, lakini mtu anaweza kufanya kazi. Kwa mashine kama ya yule mama, mwenye hela ya kitu kimoja tu, mimi ningemwambia aanze na SSD ndogo hata ya mtumba iliyo nzima, ingawa nazo zimepanda.

Pwani_Tatu

Salamu kutoka Mombasa. Bwana Bisibisi umeeleza vyema, ila kuna jambo moja naona litawapoteza watu. Unasema asilimia 93 kana kwamba RAM kujaa ni dhambi. RAM iliyokaa tupu haina faida kwa mwenyewe. Mfumo wa kisasa huijaza makusudi kwa faili ulizotumia karibuni ili ukizirudia uzipate upesi, na programu ikihitaji nafasi, huachiliwa papo hapo. Kwa watumiaji wa Linux (mfumo endeshi wa bure mbadala wa Windows), mkiandika `free -h` msitazame safu ya "free", tazameni "available". Nimeona vijana wakipiga mayowe kwamba RAM imebaki megabaiti 200, kumbe "available" yasoma GB 5.

Na kwa sababu hiyo hiyo, zile programu za simu zinazojinadi "kusafisha RAM" ziondoeni. Zinaua programu ambazo mfumo ulikuwa umezihifadhi, kisha ukizifungua tena zinaanza upya na kula betri zaidi.

Bisibisi

Ahsante sana Pwani_Tatu, umenisahihisha vizuri na nimelipokea. Ile 93 ya Task Manager ilikuwa ni iliyoshikwa na programu, bila kuhesabu akiba ya faili. Lakini nilipaswa kuitenganisha kwenye maelezo. Wakuu, mtu wa Mombasa yuko sahihi: akiba si tatizo, kilichoshikwa na programu ndicho cha kuchunguza.

Nukta_Mkato

Naomba niongee upande wa waandishi wa programu, maana tunawalaumu watumiaji wakati walaji wakubwa ni sisi.

Mwaka jana nilipewa programu ya ripoti ya taasisi moja, data za mita, rekodi milioni 5. Programu ilikuwa inakufa kila usiku kwenye seva ya kukodi yenye GB 8. Aliyenitangulia alishaandika pendekezo wakodi ya GB 32. Nikaomba siku tatu.

Kosa la kwanza: ilikuwa inavuta jedwali zima kutoka kwenye hifadhidata, inalimwaga kwenye RAM, halafu inajumlisha kwa mkoa. Hifadhidata yenyewe inajua kujumlisha! Unaiambia ijumlishe na ikupe majibu, unapokea mistari 31, mmoja kwa kila mkoa wa Tanzania. Unaletewa hesabu iliyokwishapigwa badala ya gunia zima.

Kosa la pili lilikuwa kwenye sehemu ambazo kweli zilihitaji data yote. Jina la mkoa lilihifadhiwa kama maandishi kwenye kila rekodi. Kwenye lugha ya Python, kila rekodi inabeba angalau anwani ya baiti 8 inayoelekeza yaliko maandishi, kabla hata ya maandishi yenyewe. Rekodi milioni 5 ni megabaiti 40 za anwani tupu, kwa safu moja. Mikoa iko 31. Ukiipa namba, baiti moja inatosha. Megabaiti 40 zikawa 5.

Vile vile usomaji wa mita. Namba ya kawaida ya Python inachukua baiti 28, na ukiiweka kwenye orodha unaongeza anwani ya baiti 8. Namba milioni moja ni kama megabaiti 36. Ukiziweka kwenye safu ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ya biti 32 ni megabaiti 4. Namba ni zile zile.

Mwisho, mafaili makubwa tuliyasoma kipande kwa kipande, rekodi laki moja laki moja, badala ya kuyabeba mazima. Ripoti sasa haivuki GB 1 na nusu. Seva ni ile ile. Ile hela ya kukodi kubwa ingelipwa kila mwezi, wakuu, kwa dola.

Mzizi_wa_C

Nukta_Mkato umenikumbusha. Wanaoandika kwa lugha ya C waangalie hata mpangilio wa vitu ndani ya muundo. Ukiweka char (herufi, baiti 1), kisha double (namba ya desimali, baiti 8), kisha char, kwenye mashine ya biti 64 muundo unachukua baiti 24, kwa sababu mashine inaacha mapengo ili double ikae mahali pake. Ukianza na double kisha char mbili, ni baiti 16. Umehamisha mstari mmoja tu. Kwa rekodi milioni kumi ni megabaiti 80 umeziokoa.

Na tusiwacheke wazee waliotupa tatizo la mwaka 2000. Waliandika mwaka kwa tarakimu mbili kwa sababu kadi yao ya kutobolewa matundu ilikuwa na safu 80 tu na kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Walibana kwa sababu ya haki. Kosa lilikuja pale programu zile zilipoishi miaka thelathini bila mtu kurudi kuzirekebisha.

Kijana_wa_Ubungo

Wakuu naomba nieleweshwe. Hiyo RAM ndani yake kuna nini hasa mpaka iwe vigumu hivyo kutengeneza? Kwa macho ni kijibao cha kijani tu.

Bisibisi

Swali zuri mdogo wangu. Kila biti moja ni transista moja na kapasita moja. Wazo hilo ni la Robert Dennard wa IBM, mwaka 1966. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, ikiwa tupu ni 0. Shida ni kwamba kapasita hiyo ni ndogo mno na inavuja, kama ndoo yenye tundu. Kwa hiyo kila biti inasomwa na kujazwa upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, wakati wote mashine ikiwaka. Ukizima umeme, zote zinamwagika. Ndiyo maana TANESCO wakikata kabla hujahifadhi kazi yako, imepotea.

Mwaka 1970 Intel walitoa chipu ya 1103, ikiwa na biti 1,024. Kijiti chako cha GB 8 kina ndoo karibu bilioni 69, na zote lazima ziwe nzima au ziwe na mbadala wake. Ugumu na bei vinatoka hapo. Hao Intel wenyewe waliiacha biashara hii mwaka 1985, walipozidiwa na Wajapani. Baadaye Wajapani nao wakazidiwa na Wakorea, na kampuni yao kubwa ya mwisho, Elpida, ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2012, Micron ikainunua. Kampuni tatu zilizobaki ndizo zilizosalimika.

Dada_Rehema

Mimi nimeshasafisha, nimeshafunga vichupo, bado naona nahitaji. Laptopu yangu ina sloti mbili, moja ina GB 4, nyingine tupu. Ninunue ya mtumba? Na niangalie nini nisiibiwe?

Bisibisi

Dada Rehema, mtumba ni sawa kabisa, RAM haichakai upesi kama betri. Lakini nenda na laptopu yako mkononi, usiende na jina la modeli tu.

Kwanza toa kijiti kilichopo usome lebo. Ikiandikwa PC3L ni DDR3 ya volti 1.35, PC3 bila L ni ya volti 1.5, PC4 ni DDR4. DDR3 na DDR4 hazichanganyiki, hata pengo la katikati limewekwa mahali tofauti ili usiilazimishe. Wenye laptopu za Intel za kizazi cha nne wawe makini na hiyo L, maana nyingi zinakataa kuwaka na ile ya 1.5.

Pili, ukiweka 4 nyingine kwenye sloti tupu, vijiti viwili vinafanya kazi sambamba, na kama picha zako zinatoka kwenye prosesa yenyewe utaona tofauti. Usikubali kuuziwa 8 kwa kung'oa hiyo 4 yako na kumwachia muuzaji bure. Hiyo 4 sasa hivi ina thamani.

Tatu, wakati wa kupima usiridhike kwamba imewaka. Kijiti kibovu kinawaka vizuri tu, halafu kinakuharibia faili wiki ya pili. Weka MemTest86 kwenye flashi, iwashe laptopu kutokea hapo, iache usiku mzima. Kosa moja tu, rudisha. Elewana na muuzaji kabla hujalipa kwamba una siku mbili za kupima. Muuzaji mkweli hatakataa.

Na kwa wote: mashine ikipiga mlio na kukataa kuonyesha picha, usikimbilie kununua. Toa kijiti, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, yafute kwa kitambaa chenye spiriti, acha yakauke, rudisha mpaka klipu za pembeni zilie. Kwa vumbi na unyevu wa huku pwani, nimefufua mashine nyingi sana kwa kifutio cha shilingi mia chache.

Binti_wa_Udom

Kaka Bisibisi shikamoo. Nasoma Dodoma, laptopu yangu ni ile nyembamba, RAM GB 4 imechomelewa kwenye mazabodi, sloti hamna. Natumia Linux Mint. Nikifungua kivinjari na QGIS (programu ya kuchora ramani) kwa pamoja inaganda mpaka nabonyeza kitufe cha kuzima. Kununua nyingine siwezi mwaka huu.

Bisibisi

Marahaba mdogo wangu. Kwako dawa ipo na ni ya bure. Inaitwa zram. Inachukua sehemu ya RAM yako, na badala ya kuhamishia vitu kwenye diski, inavibana na kuviweka humo humo ndani ya RAM. Prosesa inafanya kazi ya ziada kidogo ya kubana na kufungua, lakini hiyo ni haraka mno ukilinganisha na kwenda kwenye diski. Data za kawaida hubanika mara mbili hadi tatu. Simu za Android zinatumia mbinu hii, Fedora wameiweka kama kawaida yao tangu mwaka 2020, na Windows na Mac zina za kwao zinazofanana.

Weka kifurushi cha zram-tools. Fungua faili `/etc/default/zramswap`, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha anzisha upya huduma ya zramswap. Kwenye QGIS zima tabaka usizozitumia, na ile picha kubwa ya satelaiti ikate ubaki na eneo lako la mradi tu kabla ya kuipakia. Hiyo ya kukata picha huenda ikakusaidia kuliko zram yenyewe.

Nukta_Mkato

Namwunga mkono Bisibisi kwenye kukata picha. Na kwenye Firefox andika about:unloads, utaona vichupo vinavyoweza kuondolewa kwenye RAM bila kuvifunga. Ukikigusa kinajipakia tena.

Binti_wa_Udom

Kaka, nimefanya jana usiku. Nimekata picha, nimebakiza kata mbili za mradi wangu. Nimeweka zram. Leo nimefanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane, haijaganda hata mara moja. Nikiandika zramctl inaonyesha DATA 1.2G na COMPR 402M. Nimesoma sawa kwamba GB 1.2 imekaa kwenye nafasi ya megabaiti 402?

Bisibisi

Umesoma sawasawa. Karibu mara tatu. Ukifika wiki ya kuwasilisha mradi, usijaribu kubadilisha hiyo 50 kwenda juu, iache hapo hapo. Na ile picha nzima ya satelaiti usiifute, iweke kwenye flashi, msimamizi wako anaweza kuitaka.